Kabla ya Kuuza, Geuza Kadi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha maoni cha kila juma. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Juma hili sitazungumzia bei ya sukari wala shida ya usafiri. Mambo hayo yapo na tutayarudia. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kopo la bati la biskuti ambalo limekaa juu ya kabati langu kwa miaka mingi, na juu ya mtu aliyekuja nyumbani mwaka jana akitaka kulinunua pamoja na vyote vilivyomo.

Kopo hilo lilikuwa la marehemu mjomba wangu. Mjomba alikuwa baharia. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika meli za mizigo zilizopita Tanga na Mombasa kisha zikaenda Ulaya. Meli ilipotia nanga Marseille au Hamburg, wenzake walikwenda kutafuta viatu na makoti, naye alikwenda kwa wauza vitabu vikuukuu kununua postikadi. Hakutaka postikadi za maua wala za majengo. Alitaka za vita. Yaani zile za zamani, zilizochapwa takriban kati ya mwaka 1900 na 1918, zenye nakala za picha kubwa za rangi ambazo wachoraji wa Ulaya walichora kuonyesha mapigano mashuhuri. Bila shaka mmewahi kuona mfano wake: farasi wamesimama kwa miguu ya nyuma, bendera zimechanika, moshi umetanda, na katikati yupo jemadari mmoja ambaye nguo zake hazijaingia hata tone la matope.

Nilipokuwa mtoto pale Ngamiani, Tanga, mjomba alikuwa akizipanga kadi hizo juu ya mkeka baada ya chakula cha usiku, akatusimulia moja moja. Hatukuwa na televisheni, na sinema ilikuwa ya wenye senti. Kopo la mjomba ndilo lililokuwa sinema yetu.

Kadi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya askari wa Kifaransa waliozingirwa chumbani. Dari limebomoka, sakafu imejaa vifusi, majeruhi wameegemea ukuta, na dirishani ofisa mmoja analenga bunduki huku wenzake wakimtazama. Mjomba alituambia kwamba hiyo ndiyo risasi ya mwisho waliyokuwa nayo. Sisi watoto tulishangilia. Nikakua nikiamini kwamba Wafaransa wale walishinda, maana mtu awezaje kuwa shujaa namna ile halafu akashindwa?

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipokuja kusoma habari zenyewe. Picha ile inaitwa Risasi za Mwisho. Ilichorwa na Alphonse de Neuville, na ilionyeshwa Paris mwaka 1873. Mapigano yenyewe yalitokea tarehe 1 Septemba 1870 katika kijiji cha Bazeilles, karibu na mji wa Sedan, Wafaransa wakipambana na Wajerumani kutoka Bavaria. Na hawakushinda. Risasi zilipokwisha, walijisalimisha. Kesho yake mtawala wao mwenyewe, Napoleon wa Tatu, alikuwa mateka. Vita vilipomalizika mwaka 1871 Ufaransa ilikuwa imenyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo halijaniacha hadi leo. Kwa nini watu walioshindwa wakuchore kushindwa kwao, wakuchape katika postikadi, na kukituma kila pembe ya nchi? Jibu ni kwamba picha ile haisemi tumeshindwa. Inasema kilichotuishia ni risasi, ushujaa hatukuishiwa. Nyumba ile ya Bazeilles ikafanywa makumbusho, na mgeni aliyefika pale aliweza kununua kadi ya picha na kadi ya nyumba yenyewe. Watoto wa Ufaransa walilelewa na picha hiyo kwa miaka 40, na mwaka 1914 ulipofika, wakaitwa vitani. Wengi wao hawakurudi.

Ndugu wasikilizaji, tusizidharau kadi hizi kwa kuwa ni ndogo. Postikadi ya kwanza rasmi duniani ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu cha kuandikia habari fupi kwa gharama ndogo kuliko barua. Picha zilifuata baadaye, na ilipofika mwaka 1900 biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kubwa mno. Kabla ya hapo picha ya vita ilining'inia katika jumba la mfalme au la makumbusho, nayo iliweza kuwa na upana wa ukuta mzima. Mvuvi na dobi hawakuiona. Postikadi iliichukua picha hiyo ikaipeleka jikoni kwa dobi. Mtu asiyekuwa na nauli ya kwenda Paris aliweza kuwa na Paris mfukoni mwake kwa senti chache. Basi aliyetaka watu waamini jambo fulani juu ya vita alipata chombo kizuri kabisa.

Na waliaminishwa mengi. Chukueni picha ya Napoleon Bonaparte akivuka milima ya Alps, iliyochorwa na Jacques-Louis David mwaka 1801. Jemadari amepanda farasi aliyesimama wima, joho linapepea, mkono unaelekeza mbele. Ukweli ni kwamba mwezi Mei 1800 Napoleon alivuka milima hiyo juu ya baghala, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi, akiongozwa na mtu anayeijua njia. Mchoraji mwingine, Paul Delaroche, alikuja kuchora baghala huyo karibu miaka 50 baadaye. Mjomba alikuwa na kadi zote mbili, naye alikuwa akizilaza pamoja na kutuuliza: mnaona yupi ndiye? Siku zote sisi tulichagua farasi.

Au chukueni ile ya wapanda farasi wa Scotland katika mapigano ya Waterloo ya tarehe 18 Juni 1815. Farasi wa kijivu wanakuja mbio moja kwa moja usoni pako, hata unataka kurudi nyuma. Aliyeichora mwaka 1881 ni mwanamke wa Kiingereza, Elizabeth Thompson, aliyejulikana kama Lady Butler, ambaye alizaliwa mwaka 1846, yaani miaka 31 baada ya vita hivyo. Alikwenda kwenye mazoezi ya jeshi, akasimama mbele ya farasi wanaokimbia ili aone wanavyokuja. Kazi yake ni ya ufundi mkubwa, wala simlaumu. Lakini wanaojua habari za siku ile wanasema ardhi ilikuwa ya mteremko na mbovu, na farasi hawakuweza kukimbia hivyo.

Msidhani kwamba nasema picha zote hizi ni uongo wa wakubwa. La hasha. Kadi hiyohiyo iliweza kuwa silaha ya mnyonge. Mchoraji wa Poland, Jan Matejko, alimaliza mwaka 1878 picha kubwa ya mapigano ya Grunwald ya mwaka 1410, ambamo Wapolandi na Walithuania waliwashinda mashujaa wa Kijerumani wenye misalaba. Picha hiyo ina upana wa karibu mita 10. Wakati anaichora hapakuwa na nchi inayoitwa Poland katika ramani. Tangu 1795 ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria, na haikurudi hadi 1918. Fikirini basi maana ya kuwa na nakala ya picha hiyo, yenye ukubwa wa kiganja, ndani ya kitabu cha sala. Ilikuwa bendera ya nchi isiyokuwapo. Wajerumani walipoivamia Poland mwaka 1939 waliitafuta picha yenyewe kwa udi na uvumba, wakatangaza zawadi kwa atakayeionyesha, lakini watu walikuwa wameizika ardhini karibu na mji wa Lublin, wakanyamaza. Leo iko Warsaw.

Na kuna kadi moja ambayo mjomba hakuitoa mbele yetu watoto. Niliikuta chini kabisa ya kopo baada ya yeye kufariki. Ni ya Mrusi Vasily Vereshchagin, ya mwaka 1871. Humo hamna farasi, bendera wala jemadari. Ni chungu la mafuvu ya watu katika jangwa, na kunguru juu yake. Mchoraji aliandika kwenye fremu kwamba anaitoa picha hiyo kwa washindi wakuu wote wa vita, waliopita, waliopo na watakaokuja. Mtu huyu aliijua vita, maana alikuwa amefuatana na jeshi la Urusi huko Asia ya Kati. Akafa vitani pia, mwaka 1904, pale meli aliyokuwamo ilipogonga bomu la baharini la Wajapani karibu na Port Arthur. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini mjomba aliinunua kadi hiyo, na kwa nini aliificha. Nadhani alijua kwamba siku moja tutakuwa watu wazima.

Sasa nirudi kwa mgeni wangu.

Alikuja mwaka jana, mtu mwenye adabu, mnunuzi wa vitu vya kale. Alikuwa amesikia kwa jirani kwamba nina kopo. Tukamkaribisha chai. Nikafungua, nikaanza kumpangia kadi mezani kama mjomba alivyokuwa akifanya, picha juu, nikiwa tayari kusimulia. Hakuzitazama. Alitoa kioo cha kukuza, akazigeuza zote kifudifudi, moja baada ya nyingine, akasoma migongo.

Kusema kweli niliudhika. Lakini yule bwana alinifundisha jambo. Aliniambia kwamba picha ya mbele ilichapwa kwa maelfu, mgongo ni mmoja tu duniani. Mgongo wa kadi husema umri wake. Ikiwa nafasi yote ya nyuma ni ya anwani tu, hiyo ni ya zamani sana, kwani mwanzoni posta hazikuruhusu kuandika habari upande huo. Mstari wa kuugawa mgongo sehemu mbili uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Kioo cha kukuza nacho husema ikiwa kadi ni ya kale au ni nakala ya juzi, kwa kuwa nukta za wino za mitambo ya siku hizi hujipanga kama safu za gwaride. Halafu kuna stempu, na kuna muhuri wa posta wenye mji na tarehe.

Alipofika kadi moja, akasimama. Mbele ina wapanda farasi wa Kijerumani wanaoshambulia, picha ya kawaida kabisa. Nyuma ina stempu ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, na muhuri unaosomeka Tanga, 1913. Mjomba aliinunua Hamburg. Kadi ile ilitoka kwetu Tanga ikaenda Ujerumani, na baada ya miaka 40 na ushee ikarudi Tanga ndani ya begi la baharia. Bwana yule akataja bei. Ndugu wasikilizaji, bei ile ingeezeka upande mmoja wa nyumba yangu, na wakati huo paa lilikuwa linavuja. Mama watoto alinitazama. Nami nilimtazama yeye. Nikamwomba mgeni anipe juma moja.

Ndani ya juma lile nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka 30 kabla. Nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja aliyesoma Leipzig katika miaka ya 1970, nikamwomba anisomee maandishi ya nyuma. Ilimchukua jioni mbili, maana Wajerumani wa zamani waliandika mwandiko wa kukunjakunja ambao hata wajukuu zao hawausomi. Mwandishi wa kadi alikuwa anamwandikia dada yake. Anamweleza kwamba amerudi kutoka bara, kwamba homa ilimlaza majuma matatu, kwamba anaomba atumiwe magazeti. Na katikati kuna mstari mmoja. Anasema mizigo yake imefika salama, imeletwa na wapagazi 12, ila mmoja alibaki njiani.

Alibaki njiani. Basi. Alitoroka? Aliugua? Alifia porini? Kadi haisemi, na jina lake halikuandikwa.

Nilirudi nyumbani nikazipanga kadi zote za mjomba mezani, nikaziangalia picha kwa makini, moja moja, kama sijawahi kuziona. Nilikuwa namtafuta mtu aliyebeba mzigo. Sikumwona. Picha ya vita humchora anayepiga bunduki. Haimchori aliyebeba sanduku la risasi kwa majuma mawili ili bunduki ile ipate kulia. Katika kopo lote, mtu wa kwetu alikuwa katika mstari mmoja tu, tena nyuma ya picha ya watu wengine.

Na haya si mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka mmoja tu baada ya kadi ile kutumwa, vita vilifika Tanga penyewe, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914. Waingereza walishusha kiasi cha askari 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa kiasi cha 1,000, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Hata nyuki waliingia vitani. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa na waliojeruhiwa, wakarudi melini. Mchoraji wa Kijerumani, Martin Frost, aliyafanya mapigano hayo kuwa picha ya rangi ambayo inaonekana vitabuni hadi leo. Lakini vita vile viliendelea miaka minne, na kwa miguu. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Ni mchoraji gani aliyewachora?

Msikilizaji wa Dar es Salaam, wewe unayekwenda Kariakoo kununua nyanya, jina hilo umelirithi kwao. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka kwa namna yao. Nairobi nako kuna Kariokor. Ile sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ni ya mtu mmoja mwenye bunduki. Nairobi walau mpagazi amesimamishwa pamoja na wenzake wenye silaha. Kwetu jina la soko linamkumbusha.

Mgeni wangu aliporudi, nilimwuzia kadi sita ambazo hazikuandikwa kitu nyuma, na ambazo nilikuwa nazo mbilimbili. Zilitoa mabati matano. Ile ya Tanga sikumpa. Hakukasirika. Aliniambia ni haki yangu, ila niitoe karibu na dirisha lile lenye unyevu. Paa linavuja bado kidogo upande wa jikoni, na mama watoto hunikumbusha kila mvua inaponyesha. Sisemi kwamba nilifanya hesabu nzuri. Nasema kwamba kama ningeuza siku ile ya kwanza, ningeuza kitu ambacho sijakisoma.

Ndugu wasikilizaji, katika nyumba zenu pia yamo makopo, masanduku na mabegi ya marehemu. Zimo kadi, barua, picha za harusi, vyeti. Siwaambii msiuze. Shida ni shida, na karatasi hailiwi. Ninaloomba ni kwamba kabla ya kuuza, geuza. Soma upande wa pili, na kama huwezi, mtafute anayeweza, kwani wazee wanaojua maandishi hayo wanapungua kila mwaka. Ukitaka kuandika jina la mtu nyuma ya picha, andika kwa penseli, polepole, usitumie kalamu ya wino. Usibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata, maana vitakula karatasi. Weka pakavu, mbali na jua, na fungua mara kwa mara, kwa sababu mchwa na joto la pwani hawabishi hodi.

Na vijana mnaopenda kukusanya vitu, nawaambia kwamba huu ni mkusanyo mzuri na hauhitaji utajiri. Ila msiishie kuhesabu kadi. Mbele ya kila picha ya vita jiulizeni mambo matatu: nani amechora, nani alitaka ichorwe, na nani hayumo. Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo letu.

Mimi nimeanza kulijibu kwa uchache. Nimechukua kipande cha karatasi safi, nikaandika kwa penseli tafsiri ya kadi ile ya 1913, nikaiweka pamoja nayo ndani ya kopo. Juu ya karatasi nimeandika: Mpagazi wa 12, aliyebaki njiani. Wajukuu wangu wakija kuzipanga kadi mkekani, watamkuta.